Kwenda Kumwita Dada Saadani

Niliondoka nyumbani Magomeni Jumatatu saa mbili asubuhi kwa sababu ya ujinga, na ujinga wenyewe ni wangu. Nasema mapema ili nyinyi mliobaki nyumbani msije mkanihurumia bure.

Tamasha letu la sanaa la mwambao lilikuwa limepangwa hivi: Jumatano ngoma zichezwe Saadani, Ijumaa baada ya sala zichezwe Kerege, na Jumamosi makundi yote yakutane Bagamoyo. Mwenyekiti wa kamati ni Fadhili, kijana mpole mwenye kompyuta ambayo huifungua hata akiwa kwenye foleni. Alipouliza nani atazunguka kualika makundi, mimi, mwalimu mstaafu, mtoto wa Bagamoyo, nikasema ya nini kuchoma mafuta wakati watu wote wana simu? Nikaandika mwaliko mzuri, wenye nukta na mikato mahali pake. Fadhili akatengeneza tangazo lenye picha na majina ya makundi, tukalirusha WhatsApp.

Wiki mbili kimya. Nikaanza kupiga simu. Kila niliyempigia alinijibu kwa adabu, kama vile wamekaa kikao.

"Tumeliona tangazo, Mwalimu. Limependeza. Lakini hatujaitwa."

Kwetu mwambao mtu huitwa kwa mdomo. Anayekuja kuita hupiga hodi, hukaribishwa, hukaa, huulizwa hali za watu wote wa kwake, hula kinachowekwa mbele yake, ndipo husema lililomleta. Hayo nayajua tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Miaka thelathini ya kufundisha Dar es Salaam ndiyo iliyonitia wazimu wa kudhani mtu mzima anaweza kuitwa kwa kidole.

Ya Kerege na Bagamoyo ningeyabeba kwa kicheko. Kilichonitisha ni Saadani. Kiongozi wa kundi la huko ni dada yangu Mwanaisha, tumbo moja, na huu ni mwaka wa pili hatuzungumzi. Mama yetu alipofariki tulimzika pamoja, tukalia pamoja. Ilipofika hitma ya arobaini niliisimamia mimi, na yeye nikampelekea ujumbe wa simu kama watu wengine. Hakuja. Tangu siku hiyo tumebaki kutumiana picha za maua sikukuu ya Idi. Nilikuwa na hakika kwamba kosa langu lilikuwa simu, na nikaapa safari hii nitakwenda kwa miguu yangu nimwite vile mtu anavyostahili kuitwa. Akikataa, tamasha litakosa kundi lake, na kamati itanuna wiki moja ipite. Mimi nitakosa dada, na mwingine sina.

Saa nne kasorobo tulikuwa Kerege. Nasema "tulikuwa" kwa sababu kamati ilinipa gari na dereva, Chande, mtu wa makamo kutoka Temeke, mwenye tumbo lisilojua neno "nimeshiba." Kiongozi wa kundi la Kerege, kwa mujibu wa tangazo letu, ni Bi Hadija. Tulimkuta kibarazani kwake anamenya muhogo.

"Hodi hapa!"

"Karibu, karibuni. Watu wa Magomeni hawajambo?"

"Hawajambo, Bi Hadija."

"Na wajukuu?"

"Wazima wa afya."

"Na yule jirani yako aliyevunjika mguu?"

Mimi sina jirani aliyevunjika mguu. Lakini ukianza kubishana kwenye salamu hutoki, kwa hiyo nikamwambia ameanza kutembea. Akamshukuru Mungu. Tukaletewa muhogo wa nazi, sahani imejaa mpaka inamwagika. Mimi nilidonoa, Chande akala kama mtu aliyetoka kifungoni. Baada ya nusu saa nzima nikapata nafasi ya kusema nimekuja kumwita yeye na wenzake.

Bi Hadija akaweka kisu chini. "Ahsante sana. Sasa, Mwalimu, umeanzia kwangu?"

"Ndiyo. Si wewe kiongozi?"

"Lahaula! Mie ni mwimbishaji tu. Mwenye ngoma ni Bi Mwajuma, kule nyuma ya msikiti. Akisikia umeanzia kwangu atasema nimejipeleka mbele, na ngoma itavunjika leo leo. Nenda kwake kwanza, halafu urudi unialike. Mie sijakuona."

"Lakini umeniona, Bi Hadija. Tumekula."

"Sijakuona," akasema, akaendelea kumenya muhogo.

Nyuma ya msikiti, kwa Bi Mwajuma, salamu zilikuwa ndefu kuliko za kwanza, na muhogo ulikuwa ule ule wa nazi, ila huu ulikuwa na samaki. Akaitikia mwaliko bila tabu. Wakati namuaga akanishika mkono, akaninong'oneza: "Mpitie na Hadija. Ni mwepesi wa kununa."

Saa nane na nusu nilisimama tena mbele ya kibaraza kile kile nikapiga hodi. Bi Hadija alinipokea kwa furaha ya mtu aliyeona mgeni wa kwanza tangu Idi. Aliuliza watu wa Magomeni. Aliuliza wajukuu. Aliuliza mguu wa jirani, nikamwambia bado anatembea. Chande alikuwa ameinama anatazama viatu vyake na mabega yanamtikisika. Na muhogo ukaletwa tena, jamani, na nikaula.

Kwenye gari nilimwambia Chande kwamba akicheka nitamshusha.

"Freshi tu, Mwalimu," akasema. "Mie kwa hesabu yangu bado Bagamoyo na Saadani. Twende kazi."

Bagamoyo tuliingia alasiri. Mzee Bakari, kiongozi wa kundi la dufu, alikuwa kwenye baraza ya nyumba yao ya zamani kule mji mkongwe, kanzu safi, buli la kahawa pembeni, tangazo letu limekunjwa mara nne ndani ya kofia yake. Nilimwamkia, nikakaa, nikanywa vikombe vitatu. Ndipo akalifungua lile tangazo taratibu akaweka kidole.

"Soma hapa, mwanangu. Macho yangu hayaoni vizuri."

Macho yake yanaona mpaka Unguja. Nikasoma: saa kumi, vijana wa muziki wa kizazi kipya, saa kumi na moja, dufu.

"Yaani sisi tunakwenda kumtaja Mtume nyuma ya maspika ya hao."

"Mzee wangu, hilo tutalirekebisha. Mimi nimekuja kukuita tu."

"Kuita umeita, na nimesikia. Jibu njoo ulichukue kesho."

"Kesho nakwenda Saadani."

"Basi ukirudi."

"Mzee Bakari, tamasha ni Jumamosi!"

"Na leo ni Jumatatu," akasema, akanimiminia kikombe cha nne. Nilikunywa kahawa ile huku kichwa kinaniwanga. Usiku gesti sikupata usingizi, na sijui nimlaumu nani, Mzee Bakari, kahawa yake au muhogo.

Jumanne saa mbili asubuhi nilipitia dukani kwa Bwana Karim. Babu yake alitoka Bara Hindi, yeye mwenyewe kazaliwa uchochoro wa pili kutoka kwetu, na tumesoma darasa moja. Yeye peke yake hakunisumbua. "Nimeona kwenye simu, nakuja na watoto," akasema, mambo yakaisha. Ningembusu. Nikamwambia anifungie halua kilo mbili, udi, na ubani mzuri.

"Unamposea nani, Mwalimu?"

"Napeleka Saadani kwa dada yangu. Nakwenda kumwita kwenye tamasha."

Akasimama na kamba mkononi. "Dada yako Mwanaisha? Halua yote hii, kwa Mwanaisha?"

"Nataka nimwite kwa heshima."

Akatikisa kichwa, akafunga mzigo wangu vizuri, akanipa. Ningekuwa na akili siku ile ningemuuliza anatikisia nini kichwa. Lakini nilikuwa nimeshapata somo langu Kerege na kwa Mzee Bakari, na nililishika kama mwanafunzi aliyekariri jibu moja akadhani mtihani wote ni huo.

Njiani, baada ya Makurunge, vumbi lilitufunika mpaka nyusi. Barabara inatengenezwa, kwa hiyo kila baada ya mwendo kidogo kulikuwa na kijana mwenye kibendera anatusimamisha tungoje malori. Chande alikuwa ananipa moyo kwa methali. "Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, Mwalimu. Mtapatana tu." Nikamwambia alime kimya kimya.

Getini kwenye hifadhi askari mmoja, kijana mwenye adabu, aliuliza kama tunakwenda kutazama wanyama.

"Tunakwenda kijijini. Kwa dada yangu."

"Dada yako nani, mama?"

"Bi Mwanaisha."

"Bi Mwanaisha wa ngoma?" Akacheka kwa furaha. "Huyo ni mama yetu wote hapa. Ndiye anayetukaangia kamba." Halafu akanitazama vizuri. "Sikuwahi kusikia kama ana mdogo wake."

Hakusema kwa ubaya. Nilifunga kioo, nikamwambia Chande kiyoyozi kinafanya kazi vizuri kioo kikifungwa. Gari lile halina kiyoyozi.

Saa saba mchana tukafika Saadani. Nyumba ya dada iko karibu na mahali wanapoanika samaki, na harufu ilitupokea kabla ya mtu. Alikuwa ameketi mkekani na mawifi zake wawili, wanachambua kamba wakavu. Amekonda kidogo. Nywele za mbele zimekuwa nyeupe, kama za mama. Nikakaza sauti.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu sana."

Mwalimu! Toka nizaliwe dada yangu ameniita Zena, na akikasirika "we Zena," na siku nilipovunja mtungi wa bibi aliniita majina ambayo siyaandiki hapa. Mwalimu hajawahi kuniita. Akaagiza kiti. Kikaletwa kiti cha plastiki, akakipangusa kwa upande wa kanga yake, akaniwekea kivulini. Wao wote wako mkekani, mimi juu ya kiti. Ikaletwa soda ya baridi na mrija. Basi nikakaa pale mbele ya dada yangu nikifyonza soda kwa mrija kama mkuu wa wilaya.

Akaniuliza hali ya safari, na hali ya mji, na kama Dar es Salaam kunanyesha. Nikajibu yote. Kisha nikatoa mzigo wangu wa halua na udi, nikauweka mbele yake, nikasema maneno niliyoyafanyia mazoezi tangu Bagamoyo: kwamba nimekuja kwa miguu yangu, kwamba namwita yeye na kundi lake, kesho watufungulie tamasha hapa Saadani, na Jumamosi waje watuongozee ngoma Bagamoyo, kwamba bila wao shughuli haina uso. Nilisema vizuri, wallahi. Mmoja wa mawifi alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Aliitazama ile halua jinsi mtu anavyotazama samaki wa juzi.

"Ahsante, Mwalimu. Umetuheshimu. Mwaliko tumeupokea. Tukijaaliwa tutakuja."

Imekubaliwa! Chande, aliyekuwa tayari na sahani mapajani, alininyooshea dole gumba. Nilipaswa kushangilia. Badala yake nikaiweka soda chini, kwa sababu namjua dada yangu, na ile sauti huwa anaitumia kwa watu wa ofisini.

Aliinuka akaenda jikoni nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Alikuwa anageuza samaki kwenye mafuta, hakunitazama.

"Mgeni haingii jikoni, Mwalimu. Utanuka."

Hapo nikapasuka. "Dada, unataka nini? Niambie! Nimekula muhogo mara tatu siku moja. Nimemsalimia mtu mmoja mara mbili kama kasuku. Nimekunywa kahawa ya Bakari mpaka mikono inatetemeka. Hukutaka kuitwa kwa simu, nimekuja mwenyewe. Nimeleta halua. Nimekuita mbele ya watu. Nifanye nini tena, nigaegae chini?"

Akageuka na mwiko mkononi.

"Nani kakwambia mie nilitaka kuitwa?"

"Ile hitma ya mama," akasema, na sasa sauti haikuwa tena ya ofisini. "Uliniandikia: Unaalikwa kwenye hitma ya marehemu, Jumapili saa nne asubuhi, usikose. Mimi! Ninaalikwa kwenye hitma ya mama yangu mzazi! Jirani anaalikwa. Muuza mkaa anaalikwa. Mtoto wa marehemu haalikwi, Zena. Anaulizwa tufanyeje. Tuchinje nini, tupike wapi, nani asome. Wewe ulipanga, ukapika, ukatandika, ukamaliza, halafu ukaniandikia usikose. Ningekuja nikae wapi? Kwenye mikeka ya wageni, ningoje kuletewa sahani?"

"Nilidhani umekasirika kwa sababu ya simu."

"Simu! Ungekuja kwa ndege ukanialika ningekasirika vile vile. Na leo umekuja kufanya nini? Umenialika tena! Mbele ya mawifi zangu, na halua juu. Miaka ishirini na minane nimeolewa hapa nawaambia mie nina kwetu. Leo wamejionea wenyewe kwamba kwetu mimi ni mgeni."

Samaki walikuwa wanaungua. Hakuna aliyewatazama. Nimesahihisha makosa ya watoto wa watu maisha yangu yote, na hili langu lilikaa mbele yangu miaka miwili sikuliona. Sikuwa nimemkosea kwa kutomwita. Nilimkosea kwa kumwita. Nikaanza kulia, na nililia kwa hasira, kwa sababu alikuwa na haki na hakuna kitu kinachoudhi kama dada mkubwa mwenye haki.

"Nilitaka nisikusumbue," nikasema. "Mumeo alikuwa mgonjwa, na huku ni mbali."

"Ungenisumbua. Unaona aibu kunisumbua mimi, utamsumbua nani?"

Akatoa samaki wawili wameshakuwa makaa, akawatupia paka. Nikajipangusa uso kwa ushungi. Sikuwa na hotuba nyingine, ile ya halua ndiyo niliyokuwa nayo. Nikasema tu kilichokuwa kinanielemea tangu Magomeni.

"Dada, mambo yameniharibikia. Bakari hajajibu. Kerege wanagombea nani mwenye ngoma. Jumamosi watu watajaa na sijui hata nani atawapokea. Tufanyeje?"

Akafuta mkono kwenye kanga.

"Wanakula nini hao watu?"

"Fadhili ameagiza chipsi kuku, za vifurushi."

"Nani kaagiza nini?"

"Chipsi, Dada."

"Watu wacheze ngoma tangu asubuhi, halafu mwawapa chipsi!" Akafunika mafuta, akazima moto, akapaza sauti mpaka mbele ya nyumba: "Wifi! Acheni hao kamba, njooni! Huyu mdogo wangu ataniua!" Mimi nilifika pale kwa gari la kamati na mzigo wa halua, na neno lililonifurahisha katika safari nzima ni hilo la kwamba nitamuua.

Jumatano tamasha likafunguliwa Saadani. Fadhili alikuja na watu wake na kompyuta yake, akakuta ratiba imebadilishwa, jukwaa limehamishwa kwa sababu dada alisema wachezaji watapigwa na jua la machoni, na mimi nimefungwa kanga kiunoni nakuna nazi. Ngoma za Saadani huchezwa taratibu mwanzoni, miguu haiinuki juu, halafu mwimbishaji akichombeza zinakolea mpaka vumbi linasimama. Dada aliimbisha saa nzima. Sauti ni ya mama mtupu. Mpiga picha wa kamati aliniuliza kwa nini nalia, nikamwambia ni vitunguu. Nilikuwa nakuna nazi.

Alhamisi asubuhi safari ya kurudi, kundi lake litufuate Jumamosi. Dada aliingia gari akakaa kiti cha mbele, changu, bila kuuliza. Mimi nikawekwa nyuma kati ya mawifi wawili na gunia la kamba wakavu. Njia nzima alimfundisha Chande kuendesha, na vijana wa vibendera waliokuwa wakitusimamisha juzi alikuwa anawaita kwa majina ya mama zao, wanatupitisha.

Bagamoyo tulipofika Chande akauliza mizigo ishushwe gesti gani.

"Gesti?" akasema dada. "Shusha nyumbani. Kwa mama. Kwani sisi tuna nyumba nyingine hapa?"

Nyumba ilikuwa imefungwa mwaka mzima. Nilikuwa na ufunguo kwenye mkoba lakini sikuwa na moyo wa kuingia peke yangu, ndiyo maana nalala gesti nikija mjini kwetu. Dada aliingia, akapiga chafya, akanigombeza kwa ajili ya buibui, kwa ajili ya mapazia, kwa ajili ya bati linalovuja, akafungua madirisha yote kwa vishindo. Chumbani kwa mama aliingia peke yake. Alikaa huko muda, mimi nikafagia ua. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema nafagia kama mtu anayepapasa.

Alasiri akaniambia twende kwa Bakari. Nikajitayarisha kwa vikombe vinne. Dada hata hakukaa.

"Kaka Bakari, shikamoo. Jumamosi tufanyeje?"

Mzee Bakari akainuka. Akainuka, nakwambieni! "Dufu lianze asubuhi, tufungue kwa dua. Hao vijana na maspika yao wacheze jioni wanavyotaka. Mikeka ninayo, mtu aje aichukue."

Ikaisha. Nilimuuliza dada njiani kwa nini mimi hakunijibu hivyo. Akasema walisoma chuo kimoja cha Kurani kwa maalimu mmoja na walichapwa pamoja, na mimi nilimwendea kama karani. Nilitaka kumkumbusha kwamba kuna watu lazima waitwe, Bi Hadija kwa mfano, na ukimwendea na "tufanyeje" atakufukuza. Akasema hilo ndilo la kujua, nani wa kuitwa na nani wa kuulizwa, na kwamba mtoto wa miaka saba anajua.

Ijumaa Kerege walicheza vizuri, Bi Mwajuma amekaa mbele na Bi Hadija anaimbisha, kila mmoja ananong'ona kwamba mwenzake mwepesi wa kununa.

Jumamosi, Bagamoyo. Uani kwa mama masufuria matatu ya pilau yalikuwa motoni tangu alfajiri, na chipsi zilipofika Chande alizichukua chini ya ulinzi wake. Dufu likafungua, watu wakajaa, Bwana Karim na watoto wake wakapata kivuli kizuri. Karibu na saa nne nikamsikia Fadhili kwenye kipaza sauti: "Sasa tunawaomba wageni waalikwa waketi mbele. Kutoka Saadani, tunaye Bi Mwanaisha..."

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka sitini, kanga kiunoni, mwiko mkononi, nilikimbia mbele ya umati mpaka kwenye meza yake.

"Mfute!"

"Nimfute, Mwalimu? Kwenye orodha?"

"Mfute haraka! Huyo si mgeni. Huyo ni mwenye shughuli!"

Masikini Fadhili akafuta, akaomba radhi kwenye kipaza sauti bila kujua anaomba radhi ya nini. Kutoka uani nilimsikia dada yangu anacheka, kile kicheko cha kukwama kooni. Nilikuwa sijakisikia tangu mama hajaugua.

Mengine mtayaona kwenye picha za kamati, ngoma za Saadani na Kerege zimechanganyika uwanja mmoja mpaka hazijulikani, na vijana wa maspika wamekaa chini wanakula pilau.

Jumapili asubuhi nilikuwa uani nasugua sufuria kwa majivu na kumbi la nazi. Mgongo unauma, kucha zimeisha. Dada ameketi kwenye kizingiti anakunywa chai, ananionyesha kwa kidole mahali ambapo bado ni peusi. Chande alikuwa ameshawasha gari kumrudisha Saadani na mawifi zake. Nikaona nafsi yangu inataka kusema kitu kizuri kabla hajaondoka, nikasema bila kufikiri:

"Dada, utakuja lini tena?"

Kikombe kikasimama njiani. "Unanialika?"

"Hapana, Dada."

"Haya," akasema. "Sugua. Nikija Jumamosi nisiikute na masizi."